Kiunzi Hakianguki: Somo kwa Anayerudi Baada ya Muda Mrefu



Wapendwa vijana, wiki hii tulikuwa tuendelee na mfululizo wetu wa fadhila, na zamu ilikuwa ya ujasiri. Naomba radhi, ujasiri utasubiri. Nina deni la kulipa kwanza. Kuna mtu nilimfundisha vibaya mwanzoni mwa Kwaresima, na baadhi yenu mlisikia maneno yaleyale kutoka kwangu, maana niliyarudia kwenye semina ya vijana mbele ya watu wengi, tena kwa kujiamini. Kosa lenyewe nilikuja kuligundua nikiwa nimekaa chini, nimelowa mpaka kiunoni, nimeshika kifundo cha mguu.

Nieleze.

Kabla ya seminari kuu nilikuwa mkimbiaji wa mita 3000 kuruka viunzi na maji. Si wa kwenye televisheni, hapana, wa ngazi ya mkoa tu. Mwalimu wetu wa michezo, mwanajeshi mstaafu, alituchongea viunzi kwa mbao za mkaratusi, na shimo la maji tulilichimba wenyewe kwa majembe. Nikamaliza kidato cha sita, nikaingia mwaka wa malezi, kisha falsafa, na viatu vya mbio vikabaki nyumbani chini ya kitanda cha mdogo wangu. Miaka mitano. Sikuacha kwa sababu ya jeraha wala sikukaa nikaamua kuacha. Niliacha kama watu wengi wanavyoacha sala: leo kuna mtihani, kesho mvua, keshokutwa unashtuka mwaka umepita.

Sasa niko kwenye mwaka wa kichungaji, na jirani na parokia kuna shule yenye vijana wanaojiandaa kwa mashindano. Wakasikia kwamba Frateri aliwahi kukimbia. Basi. "Frateri, njoo tujifue wote, kuna mbio za wazi zinakuja." Nikakubali haraka mno.

Mbio zenyewe

Kwa wasiozijua: wale wanaoruka viunzi vya mita 110 wana viunzi vyepesi. Ukikigonga kinaanguka, wewe unaendelea. Chetu hakianguki. Kina uzito wa kati ya kilo 80 na 100, kimo chake ni sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake, na ukikigonga anayeanguka ni wewe. Unakutana nacho mara 28. Mara nyingine 7 kiunzi kina shimo la maji mbele yake, lenye kina kikubwa pale karibu na kiunzi, kisha linapanda taratibu mpaka usawa wa njia. Anayeruka mbali analowa kidogo, anayeruka karibu anaoga. Jumla ni kuruka mara 35, na zaidi ya hapo kuna kukimbia kwenyewe.

Jambo moja ambalo watazamaji wengi hawalijui: sheria zinaruhusu kukikanyaga kiunzi kwa juu. Si lazima ukiruke bila kukigusa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Jambo la pili ni la kunifurahisha mimi tu. Jina la Kiingereza la mbio hizi lina mnara wa kanisa ndani yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Cork, Ayalandi, wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakifuata mnara uliokuwa unaonekana kwa mbali. Katikati kulikuwa na kuta za mawe, mitaro na vijito, na kila mmoja alivuka alivyoweza. Baadaye watu wakaanza kushindana hivyo kwa miguu. Viunzi na maji ya uwanjani leo ni kumbukumbu ya zile kuta na vile vijito. Mnara ndio tuliousahau.

Jicho la zamani

Wiki mbili za kwanza nilikimbia bila viunzi, na nilijiona nimepona kabisa. Pumzi ilirudi mapema kuliko nilivyotegemea. Kumbe hapo ndipo penye mtego, na kocha yeyote atakuambia: moyo na mapafu huwahi kurudi, misuli hufuata, lakini kano, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa, huchelewa sana. Yaani unajisikia mzima kabla hujawa mzima. Wiki ya tatu nikaenda kwenye viunzi.

Sasa, mkimbiaji wa viunzi hapimi kwa rula. Hatua kadhaa kabla ya kufika, jicho linapiga hesabu lenyewe na kuuambia mguu urukie wapi. Jicho langu lilikuwa bado la miaka kumi na tisa. Likasema: ruka hapa. Miguu ya miaka ishirini na minne ilipofika hapo haikuwa na nguvu ya kufika ng'ambo. Cha kwanza nikakigonga kwa ugoko. Cha pili nikakatakata hatua kama kuku anayeogopa tope. Cha tatu kilikuwa cha maji. Nikakanyaga juu kwa kisigino badala ya katikati ya wayo, nikaporomoka shimoni upande ule wenye kina. Madogo wakaja kunitoa, mmoja akisema "Pole sana Frateri", mwingine akitazama miti ili asicheke mbele ya mtumishi wa Mungu.

Kifundo kilipona kwa siku nne. Uwanjani nilirudi baada ya siku kumi na mbili. Zile nane za katikati hazikuwa za maumivu. Kila nikifikiria kwenda, nilimwona yule kijana wa zamani, mwepesi, anayevuka kiunzi bila hata kukitazama, nikaona bora nibaki kuwa mtu aliyewahi kukimbia vizuri kuliko kuwa mtu anayekimbia vibaya leo. Yule wa zamani hana hatari ya kushindwa, maana hakimbii tena.

Ndani ya siku hizo nane nikamkumbuka yule dada.

Nilichomwambia

Amenipa ruhusa kuandika hili, na alilosema aliniambia nje ya kiti cha kitubio. Aliwahi kuwa mwimbaji wa kwaya na kiongozi wa VIWAWA kwenye kigango chake. Kisha yakatokea ya kutokea, akakaa miaka sita bila Sakramenti. Kwaresima hii akaniuliza, "Frateri, nikirudi itakuwaje?" Mimi, na shahada yangu ya falsafa, nikamjibu, "Dada, ukitoka pale kwa Padre utajisikia mwepesi kama unyoya. Utaona ulichelewa bure."

Akaenda. Akaungama vizuri. Akaanza kila kitu alichokuwa akifanya zamani: Misa ya asubuhi, Rozari nzima kila jioni, saa ya kuabudu siku ya Ijumaa. Wiki ya nne akaacha vyote, na Misa ya Dominika akaacha nayo. Nilipomkuta kwenye genge lake la mboga akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Frateri, sikujisikia chochote. Nasali usingizi unanijia. Nikimwona yule mtu aliyenikosea moyo unachemka vilevile. Nadhani Mungu alisikia tu, hakunipokea."

Nikamwambia atulie, asali zaidi. Nikanunua nyanya nikaondoka. Nasema ukweli, nilinunua nyanya ambazo nyumba ya mapadre haikuzihitaji.

Ona nilichokuwa nimemfanyia. Nilimfundisha kupima msamaha wa Mungu kwa wepesi wake mwenyewe. Wepesi usipokuja, afanye hesabu gani nyingine? Alifuata mafundisho yangu mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa pale gengeni.

Tusome kidogo

Mtakatifu Thomas wa Akwino ana swali moja ambalo darasani nililipita mbio kwa ajili ya mtihani. Liko katika Summa, Sehemu ya Kwanza ya Pili, swali la 53, kifungu cha 3: je, tabia njema iliyojengeka ndani ya mtu inaweza kupungua kwa kuacha tu kuitumia, bila kufanya lolote baya? Jibu lake ni ndiyo, lakini sababu anayoitoa ndiyo yenye utamu. Kuacha peke yake hakuli kitu. Ila tabia njema ilikuwa inazuia mambo mengine yasiote. Usipoitumia, yale mengine yanaota. Nitumie mfano wa kwetu. Shamba la mahindi haliharibiki kwa sababu jembe limekaa ndani. Linaharibika kwa sababu magugu hayakukaa ndani.

Kwa hiyo anayerudi baada ya miaka sita hakuti shamba kama alivyoliacha, likimsubiri. Anakuta shamba lilelile na magugu ya miaka sita.

Sasa njooni Sehemu ya Tatu, swali la 89. Hapo Thomas anamzungumzia mtu ambaye tayari ametubu na kusamehewa. Katika kifungu cha kwanza anakiri jambo ambalo mimi sikumwambia yule dada: aliyetubu amerudishiwa neema na fadhila pamoja nayo, kweli kabisa, lakini anaweza kuona ugumu katika kuzitenda, kwa sababu mazoea ya matendo ya zamani yameacha mabaki ndani yake. Fadhila ipo. Wepesi haupo. Na kukosekana kwa wepesi si ushahidi kwamba fadhila haipo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema jambo hilohilo kwa lugha nyepesi zaidi, namba 1459. Ondoleo la dhambi linaondoa dhambi, lakini haliponyi mavurugiko yote ambayo dhambi imeyasababisha. Aliyeinuliwa bado ana kazi ya kuirudia afya kamili ya roho. Mgonjwa aliyetolewa risasi mguuni ametolewa kweli. Asipoweza kukimbia kesho yake, hakuna anayesema daktari alimdanganya.

Mimi nilichanganya saa mbili tofauti. Msamaha una saa yake, nayo ni papo hapo, Padre anapotamka maneno ya ondoleo. Wepesi una saa nyingine, nayo ni ya kano.

Kisha kuna Barua kwa Waebrania, sura ya 12. Mwanzo wake tunaujua sote, mambo ya mashindano na wingu la mashahidi na kumtazama Yesu. Vijana wengi wameuandika kwenye fulana. Wachache wanafika aya ya 12 na ya 13. Nendeni mkasome leo. Mwandishi bado yuko kwenye mfano wake wa mbio, lakini wanariadha anaosema nao wana mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, na kati yao yumo anayechechemea. Haambiwi atoke uwanjani apishe wenye mbio. Wanaambiwa wanyooshe njia, ili kiungo cha huyo kilema kisiteguke zaidi, bali kipone. Na ukirudi nyuma mpaka 10:32 utaona watu hawa walikuwa na siku zao za zamani, siku walizovumilia mengi kwa moyo. Yaani barua hii iliandikwa kwa waliochoka njiani. Nimeihubiri mara mbili kwa vijana kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya mabingwa.

Kukanyaga

Siku ya kumi na tatu nikarudi uwanjani. Nikawaomba wale madogo wanipe mzunguko wangu peke yangu, na nikafanya kitu ambacho zamani nisingekifanya hata kwa kulipwa: nikakanyaga kila kiunzi. Nafika, naweka mguu juu, nashuka upande wa pili, naendelea. Ni polepole. Haipendezi kutazama. Ni halali.

Hicho ndicho ningemwambia yule dada tangu mwanzo, na ndicho ninachokuambia wewe unayesoma hapa huku unajua ni wewe ninayemsema. Usianze na sala za mtu uliyekuwa. Anza na tendo moja la Rozari, ukisinzia katikati endelea ulipoishia. Zaburi moja asubuhi kabla ya kushika simu. Kuhusu yule aliyekukosea, usijilazimishe kumpenda kwa wiki moja, msalimie, upite. Msinielewe vibaya, Misa ya Dominika si sehemu ya kupunguza, na kitubio usikisubirie mpaka uwe fiti, maana hapo utakuwa unakimbia mbio zako bila kuingia uwanjani. Ninasema juu ya vile tunavyojiongezea wenyewe, kwa kipimo cha jicho la zamani, kisha vinatuvunja ugoko, halafu tunaacha hata vile vya lazima.

Na ukianguka kwenye maji, ungama tena. Katika mzunguko unaofuata yale maji yatakuwa palepale.

Hapa mtu ataniuliza: kwa hiyo anayerudi amehukumiwa kuwa mdogo kuliko alivyokuwa? Thomas anajibu katika swali lilelile la 89, kifungu cha 2, na jibu lake nalipenda kwa sababu halibembelezi wala halikatishi tamaa. Mtubuji anaweza kuinuka katika neema ndogo kuliko aliyokuwa nayo, au sawa nayo, au kubwa kuliko hiyo. Inategemea jinsi hiari yake, ikisukumwa na neema, inavyojisogeza kwa Mungu katika toba yenyewe. Ule urefu wa muda aliokuwa nje hauko kwenye hesabu hiyo.

Sisi Watanzania tuna mtu wa kumtazama katika hili, na ni wa mbio hizihizi. Filbert Bayi alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa kijana mdogo, akatolewa kwenye mchujo, mita 1500 na viunzi vilevile. Mwaka 1974 huko Christchurch akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1976 alikuwa wa kutazamwa na dunia nzima, lakini Tanzania haikwenda Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika. Alipokuja kusimama tena kwenye Olimpiki ilikuwa Moscow, 1980, miaka minane baada ya ile ya kwanza. Hakurudi kwenye zile mita 1500 zilizompa jina. Alirudi kwa viunzi na maji. Akaongoza kwa mbali kama kawaida yake, mpaka mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Fedha. Nchi yetu ina medali mbili tu za Olimpiki mpaka leo, hiyo na ya Suleiman Nyambui ya mwaka huohuo, katika mita 5000.

Mimi si kocha, lakini nikiwaza zile mbio huwa najiuliza kama hakukimbia Moscow kwa jicho la Christchurch. Pengine ndiyo. Medali haikuyeyuka kwa sababu hiyo.

Jumamosi iliyopita nikaenda gengeni nikichechemea kidogo, maana kano ya kisigino nayo imeanza maneno yake. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kukuomba msamaha. Nilikufundisha vibaya." Nikamweleza yote, pamoja na shimo la maji. Sehemu ya shimo aliitaka nirudie. Alicheka mpaka mteja akasubiri. Kisha akanyamaza, akawa anapanga vitunguu, akauliza, "Kwa hiyo ule usingizi haukuwa jibu la Mungu?"

"Hapana, dada. Ulikuwa usingizi."

"Sawa, Frateri. Nimesikia."

Hakuniahidi kitu na sikumwomba aahidi. Dominika nilimwona benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye Misa ya kwanza. Aliondoka kabla ya matangazo. Mbio za wazi ni mwezi ujao na bado nakanyaga viunzi vyote, isipokuwa juzi, cha tatu kutoka mwisho, nilikivuka bila kukigusa na sikujua mpaka madogo walipopiga kelele.